Tafida, Milango Yote Imefunguliwa

Ni mwaka mmoja sasa, Tafida, tangu ulipomaliza chai yako ya baada ya chakula cha mchana, ukasukuma cherehani ukutani, ukasema, "Najinyoosha kidogo, msinipigie kelele." Ukajinyoosha. Hukuamka.

Gazetini tumetia jina lako na ile picha uliyokuwa ukiichukia, ile uliyofumba jicho moja. Watu wa gazeti wametupa nafasi ya kiganja, wakasema hakuna nyingine. Haya, sawa. Lakini wewe hukuwa mtu wa kusemwa kwa ufupi, na mambo yenyewe ya mwaka huu si ya kiganja. Kwa hiyo haya tumeyaandika kando, yasomwe hapa nyumbani siku ya hitima yako, majirani wakisikiliza. Asiyetaka kusikiliza aende akanunue maharagwe, arudi wakati wa kula.

Tunaukumbuka mkono wako. Hakuna mtoto wa kichochoro hiki aliyewahi kuvaa nguo ya sikukuu ambayo haikupita chini ya sindano yako. Mifuko ulikuwa ukiishona mikubwa kupita kiasi, mama zao wakilalamika kwamba unamaliza kitambaa, nawe unawajibu, "Mtoto bila mfuko ataweka wapi peremende, kichwani?" Ulikuwa unaongea huku una pini mdomoni. Marehemu mama alikukemea mpaka akachoka. Ulimzika na pini zako mdomoni ukaendelea kuongea.

Tunalikumbuka na bakuli lako la bluu. Kila alasiri ulikwenda kwa mwenye bucha ukachukua mapafu na matumbo, ukasimama kwenye mlango wa msikiti, na paka wa mtaa mzima wakaja. Na hukuwapa kimya kimya, a-a. Uliwapa huku unanung'unika, kila mpita njia asikie, kwamba zamani hapa Kairo palikuwa na sultani aliyeacha bustani nzima iwe wakfu wa paka, mapato yake yote wapewe paka wale. "Iko wapi bustani?" ulikuwa ukiuliza. "Imeliwa na watu! Na paka wameachiwa nini? Wameachiwa mimi!" Shekhe wa msikiti alikuwa akikuomba upunguze sauti. Ulipunguza siku aliyokufa yeye.

Sasa wajukuu wanaosoma shule za siku hizi wanacheka wakisikia habari ya pacha. Wacheke. Sisi tuliozaliwa hapa tunajua kwamba pacha akilala na njaa, roho yake hutoka ikaingia kwenye paka, ikazunguka kwenye majiko ya watu mpaka ishibe, kisha ikarudi. Ndiyo maana katika nyumba yenye pacha mtoto halazwi bila kula, na katika mtaa wenye pacha paka hapigwi. Akipigwa paka, mtoto huamka na alama. Akifungiwa paka, basi, hapo ndipo balaa.

Mlizaliwa siku moja, wewe na Insaf. Siku ya saba mkunga alileta maziwa ya ngamia, kama ilivyo desturi, ili pacha wanyweshwe na roho zao zitulie miilini. Insaf akanywa, akacheua, akalala. Zamu yako ilipofika bakuli likapinduka, maziwa yote yakaenda sakafuni. Aliyelipindua alikuwa nani kama si paka? Mkunga akasema hana mengine, ngamia mwenyewe ameshaondoka na msafara. Kwa hiyo nyumba yetu ikawa na pacha mmoja aliyetulia na mmoja mzururaji. Insaf maisha yake yote hakuwahi kutoka. Wewe hukuwahi kukaa.

Mlipokuwa watoto ulikuwa ukiamka mchana, macho yamevimba kwa usingizi, unasema, "Kwa Mama Anis leo ni mlenda, lakini kitunguu saumu kimeungua." Baba anamtuma mtu akaulize. Kweli mlenda, kweli kimeungua! Mama Anis wakati ule alikuwa bi harusi mpya, bado anamwogopa mama mkwe wake, na wewe ndiye uliyekuwa ukimtangazia mapishi yake mtaa mzima. Alikuwa anakuja mlangoni petu mikono kiunoni.

"Mwambieni binti yenu asiingie jikoni kwangu!"

"Binti yetu amelala, mwanangu," mama anamjibu.

"Ndiyo maana nawaambia!"

Na siku ya duka la samli, nani ataisahau? Haji Bayumi, muuza samli, alifunga duka lake adhuhuri akaenda kushika treni ya Tanta kwa ajili ya maulidi. Wewe ukawa umelala, na ulipofika wakati wa kuamka hukuamka. Kukutikisa haifai, kwa sababu mwili ukitikiswa roho haiwezi kuukuta tena. Mama akakaa pembeni ya kitanda anajipiga mapaja. Insaf, kitoto hiki chenye vikia viwili vya nywele, akatoka kichochoroni akasimama mbele ya duka, akapiga kelele hadi mishipa ya shingo ikasimama: "Dada yangu yuko kwa muuza samli! Dada yangu yuko kwa muuza samli!"

Baba na wanaume wakakimbia. Wakamkuta Haji Bayumi kituo cha tramu, kanzu mpya, mfuko begani.

"Haji, rudi ufungue duka!"

"Samli imekwisha, njooni wiki ijayo."

"Hatutaki samli, tunataka mtoto!"

Maskini Haji, alidhani wamerukwa na akili wote. Akarudi akilalamika, akafungua, na paka akatoka kwa kasi, masharubu yote yanang'aa kwa samli. Wanaume hawajafika hata mlangoni petu, wewe umeshakaa kitandani unaomba maji. Ukanywa kata nzima. Samli inatia kiu, ulisema. Haji Bayumi akakosa treni, akakosa na maulidi, na tangu siku ile akawa anabisha hodi kwetu kila anapotaka kufunga: "Pacha wenu ameamka? Nifunge?"

Tunacheka tunapoyaandika haya, Tafida, lakini mwaka huu hatukucheka. Ukweli ndio huo. Mwaka huu nyumba hii haikutulia hata siku moja, na unajua kwa nini.

Siku ile Insaf alikuja kukuamsha kwa ajili ya Sala ya Alasiri. Hakukutikisa. Akakaa. Akasubiri, kama alivyozoea kukusubiri tangu mlipokuwa mnalala kwenye mkeka mmoja. Halafu akakushika mkono. Hakupiga yowe, Tafida. Tungependa apige yowe, dada yetu, tungejua la kufanya. Alishuka ngazi bila viatu, akasimama katikati ya kichochoro, mwanamke mzima mwenye mvi, akapaza sauti ile ile ya duka la samli:

"Fungueni milango! Fungueni milango yote!"

Watu wakafungua. Mwenye tanuri ya mikate akafungua, mpiga pasi akafungua, Mama Anis akafungua mpaka kibanda chake cha njiwa. Wakatoka paka ambao hatukujua kama tunao, weusi, wa madoa, wenye vilema, mmoja na mtoto wake mdomoni. Kila alipotoka paka Insaf aligeuka kutazama dirisha letu, akingoja tumwambie umeamka. Tulikuwa tumesimama pale dirishani wote.

Ukabaki mlango mmoja, karakana ya Fundi Wisa, seremala, hapa hapa chini ya nyumba yetu. Wisa alikuwa amefunga adhuhuri ile ile, makufuli mawili, akaenda zake Aswan kwenye kazi ya bwawa. Na wote tunajua paka wanavyopenda kulala kwenye maranda ya mbao.

"Mahrus," Insaf akamwambia kaka yenu, "vunja."

"Insaf, dada yangu, daktari amekuja. Amesema ni moyo."

"Daktari si pacha. Vunja."

"Siwezi kuvunja kufuli la mtu ambaye hayupo. Kesho atasema tumemwibia misumeno. Na waosha maiti wamefika, jua linashuka."

"Tafida hajafa! Amefungiwa! Mnakwenda kumzika na yeye amefungiwa!"

Mahrus unamjua. Kazi yake ya kunyoosha tarbushi ilikufa watu walipoacha kuvaa tarbushi, na kilichobaki kwake ni heshima tu, anailinda kwelikweli. Hakuvunja. Tukakuosha, tukakusalia, tukakuzika kabla ya magharibi. Insaf hakukaa na wanawake wa msiba. Alikaa kwenye kizingiti cha karakana, sikio mlangoni, na aliyetaka kumpa pole alimfuata pale.

Tangu siku hiyo hakulala mchana. Usiku alisinzia kidogo, lakini mchana, saa zako, alitembea. Kutoka jikoni mpaka dirishani, kutoka dirishani mpaka ngazini, kutoka ngazini mpaka mlango wa Wisa. Wakati wa baridi alituacha madirisha wazi tukakohoa wote. Akaanza kupitisha kisahani cha maziwa chini ya mlango. Kisahani kikirudi kitupu anasema, "Mnaona? Amekunywa." Mahrus anasema ni panya. Anamwambia Mahrus basi na wewe nenda ukalale na panya. Kuanzia hapo Insaf hakunywa tena chai iliyotengenezwa na mkono wa Mahrus. Kaka na dada, nyumba moja, meza moja, na birika linazungushwa upande wa pili kama vile hawajuani.

Tulimwambia mauti ni haki, akasema anajua. Tulimwambia umri wako ndio uliofika, akasema inawezekana. Lakini siku moja kwenye chakula aliweka mkate chini akasema kitu ambacho kilitukosesha raha wote mpaka leo. "Tuseme alikuwa mle ndani. Tuseme baadaye akapata pa kutokea. Amerudi amekuta nini? Kitanda kimekunjwa." Hakuna aliyekula tena. Na Mahrus, usidhani alilala usingizi. Tulimwona mara nyingi akishuka, akishika lile kufuli, akilipima mkononi, kisha akipanda tena ngazi polepole na uso umempauka.

Tulimtumia Wisa ujumbe. Anis, mwana wa Mama Anis, alikuwa anakwenda Aswan kwenye kazi za umeme, tukamwambia, "Mwambie Fundi Wisa kuna jambo la paka, alete ufunguo." Kumbe Anis alipomkuta Wisa amezungukwa na mainjinia aliona haya kusema neno paka. Akamwambia tu, "Dada Insaf ana wasiwasi na karakana yako." Na Wisa, mtu wa watu, akarudisha jibu: "Mwambie atulie, humo hamna cha kuibiwa." Jibu hilo lilipofika hapa, Insaf alimfukuza Anis kwa kandambili mpaka msikitini. Mama Anis hakumtetea hata kidogo.

Mwaka ukaenda hivyo. Halafu wiki iliyopita, asubuhi, Wisa akatokea. Amekonda, amekuwa mweusi kwa jua la kule, ana kikapu cha tende begani. Insaf alikuwa ameshakaa kizingitini, kana kwamba walipeana miadi.

"Subalkheri, dada Insaf. Mungu amrehemu Tafida, habari nilizisikia kule nikalia."

"Fungua."

"Ngoja basi niweke kikapu chini..."

"Fungua, Wisa!"

Ufunguo wa kwanza ukazunguka. Wa pili ukagoma. Kutu. Wisa akapuliza, akagonga, akatema mate, kufuli halitaki. Watu wakaanza kujaa. Mama Anis akashuka na chupa ya mafuta yake ya kukaangia, akasema haya mnamwaga mafuta ya kupikia samaki wangu wa mchana, mjue. Mahrus akashuka na kanzu ya kulalia, hata kilemba hajavaa, yeye ambaye haendi msalani bila kilemba. Akachukua nyundo kwenye mfuko wa zana wa Wisa.

"Sogeeni," akasema. "Hili nilivunje mimi."

"Mwenyewe nipo, Bwana Mahrus, na ufunguo ninao!" Wisa akasema.

"Nilivunje mimi, nimekwambia!"

Akalipiga. Akalipiga huku analia, Tafida, kaka yako, mbele ya watu, na hakuna aliyecheka. Kufuli likaanguka. Insaf akaingia wa kwanza.

Tulisimama mlangoni tunaogopa pua zetu zitanusa nini. Hazikunusa kitu ila mbao na vumbi. Viti visivyo na pa kukalia, miguu ya meza, utando wa buibui. Kwenye kona, lundo la maranda, na katikati ya lundo kishimo cha mviringo, kimelainika vizuri, kimejaa manyoya ya paka. Manyoya mapya. Na kando yake unyoya wa njiwa.

"Njiwa wangu!" Mama Anis akaguta.

Insaf akapiga magoti akaweka kiganja kwenye kile kishimo. "Kina joto," akasema. "Kina joto. Ametoka sasa hivi. Ametokea wapi?"

Tukatazama juu. Ukutani, karibu na dari, kuna kidirisha kinachotazama ule uwazi mwembamba wa kupitisha hewa nyuma ya nyumba, ambako hapiti mtu. Kina vioo vinne. Kimoja hakipo.

"Kimevunjika lini hicho?" Mahrus akauliza.

"Hakikuvunjika," Wisa akasema. "Nilikitoa mwenyewe. Zamani hizo, siku nilipopanga hapa. Hata mbao sijashusha, huyu dada yenu akaja, pini mdomoni, akanisimamia. 'Fundi, mimi ni pacha, na mchana nalala. Toa kioo kimoja.' Nikamwambia, dada, mimi Mkristo, mambo haya sisi hatuna. Akasema, 'Paka hawana dini, fundi, toa kioo. Wewe ukifunga mlango wako, mimi nitarudije kwa Insaf?' Hakunipa raha mpaka nikapanda ngazi."

Halafu mpiga pasi akakohoa. Akasema na yeye ulimwambia, akakata waya wa dirisha lake la nyuma. Mwenye tanuri akasema kwake ni tofali, ulimsimamia mpaka likatoka. Mmoja mmoja, Tafida, wakawa wanasema. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake uliyemsumbua. Na Mama Anis, ambaye kwa miaka yote alikuwa akikufukuza jikoni kwake kwa ulimi, akatazama chini akasema, "Na mimi. Mnadhani kile kidirisha cha jikoni nakiacha wazi kwa ajili ya hewa? Mwizi yeyote angeingia! Aliniomba, nikamwahidi, nifanyeje?"

Kumbe hakukuwa na mlango uliofungwa katika kichochoro hiki. Ulishapita wewe, ulishaitengeneza yote. Mwaka mzima tumegombana juu ya kufuli, na ukutani kuna tundu lako.

Insaf akakaa kwenye maranda.

"Kwa hiyo alirudi," akasema.

"Alirudi, dada yangu," Mahrus akamjibu.

"Alirudi akakuta siko. Nilikuwa nje huku napiga kelele kwenye milango ya watu. Alirudi hakunikuta, Mahrus!"

Aliyemjibu ni Mama Anis, na yeye huyu hajawahi kusifiwa kwa maneno matamu. "Alikukuta unamtafuta," akasema. "Mtu unataka nini tena zaidi ya hicho? Simama, unajijaza vumbi."

Insaf akasimama. Akapanda ngazi ameshikwa mkono na kaka yake. Mahrus akapika chai, akaimwaga nusu, akampa, naye akaipokea. Akainywa. Akamwambia, "Bado hujui kupika chai." Mahrus akasema kweli, hajui. Hapo ndipo sisi wengine tulipolia, huko jikoni, tukajifanya tunakata vitunguu.

Kisha akasema, "Kikunjueni kitanda cha Tafida." Tukakikunjua. Akakataa chakula, hata kipande cha mkate hakutia mdomoni, akajilaza upande wake, mkono chini ya shavu, na kabla hatujamfunika akawa ameshalala. Mchana! Tukaacha dirisha wazi. Tukatembea kwa vidole vya miguu nyumba nzima, tukawatishia watoto kwa macho tu. Adhuhuri ikapita. Kila mtu alikuwa na shughuli karibu na chumba kile, na kila mtu alikuwa anasikiliza kama anapumua.

Ilipoadhiniwa Alasiri hakuna aliyethubutu kumgusa. Mahrus alikaa kwenye kiti pembeni ya kitanda, tasbihi mkononi, midomo inakwenda, jasho linamtoka. Tulikuwa tunaogopa, Tafida, tutasema uongo kwa nini. Mlizaliwa siku moja.

Akafumbua macho.

Akakaa, nywele zimesimama, alama ya mto shavuni, akaomba maji. Akanywa kata nzima, akarudisha, akaomba nyingine. Tukamwambia, "Tukuletee chakula? Hujala tangu asubuhi."

"Sitaki," akasema, "nimeshiba." Akajifuta mdomo kwa kiganja. "Ila mwambieni Mama Anis samaki wake wamezidi chumvi."

Tasbihi ikamwanguka Mahrus.

Tukakimbilia kwa Mama Anis, tukapanda ngazi zake bila hodi. Tulimkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya karai la perege, anapepea jiko ambalo hata halina moto tena. Anis yuko kwenye kona, anajisugua mkono. Mama yake akatusimulia bila kututazama. Alikuja paka wa kijivu, sikio moja limechanika, kwenye kidirisha. Hakuwa paka wa hapa. Akachagua samaki mkubwa kuliko wote. Anis akanyanyua kandambili, mama yake akampiga mkono kwa mwiko. "Nikamwambia, ole wako! Hujui nani amelala leo? Nikamwambia yule paka, kula mwanangu, kula taratibu, ukimaliza uende moja kwa moja nyumbani, wanakungoja."

"Na samaki?" tukamuuliza. "Walikuwaje?"

"Nimeonja baada yake." Akafuta jicho kwa ncha ya shela. "Chumvi imezidi."

Hatujui, Tafida. Insaf alikunywa maziwa yake ya ngamia, alikunywa yote, mama alitusimulia mpaka siku ya mwisho. Hajawahi kutoka, hata siku moja. Tumemuuliza alichokiona anasema hakuona kitu, alilala tu, mtu halali? Lakini anaimba jikoni. Jana amechukua lile bakuli lako la bluu akaenda kwa mwenye bucha, na sauti yake tumeisikia mpaka huku, anauliza iko wapi bustani ya paka.

Wanaokukumbuka ni Insaf, pacha wako, ambaye sasa analala mchana. Mahrus, kaka yako, na mkewe Ratiba, ambaye ndiye aliyeshika kalamu hii na mambo yakizidi chumvi alaumiwe yeye. Watoto wao, na wajukuu ambao hawacheki tena sana. Anakukumbuka Fundi Wisa, aliyeweka kufuli moja tu safari hii. Na Mama Anis, ambaye si ndugu, lakini amesema asipoandikwa haleti wali wa hitima.

Daima tutakukumbuka, Tafida. Ukipita huku usibishe hodi. Pita tu.